Yakini za Waandikao Kiingereza

Nyinyi mnaoanza kazi ya kufasiri siku hizi mna raha ambayo mimi sikuijua, wala siwaonei kijicho. Mwezi uliopita nilikuwa ufukweni Mama Ngina, hapa Mombasa, na Saumu, binti wa dada yangu, tumekaa tunakula mihogo ya kuchoma, akanionyesha simu yake. Barua ya Kiingereza ya kurasa mbili ilikuwa imegeuka Kiswahili kabla sijamaliza kutafuna. Nikavaa miwani nikaisoma. Kiswahili chake hakikuwa kibaya. Nikamuuliza, huyu aliyekuandikia amejuaje kwamba wewe umekubali? Saumu akaichukua simu, akasoma tena, akanitazama. Sentensi isemayo kwamba amekubali ilikuwa mbele ya macho yake na hakuiona. Ndipo akaniambia, Khaloo, yaandike haya, usiwe unatusumbua mmoja mmoja.

Basi nayaandika. Nimefasiri barua kwa miaka thelathini na minne katika ofisi ya ghorofani karibu na Makadara, juu ya duka la viungo. Mpaka leo nikinusa bizari nahisi kuna mtu amekaa benchini ananisubiri. Walikuja watu wa kila namna na barua za kila namna: za mawakili, za hospitali, za vyuo, za watoto walioolewa ng'ambo wakasahau kuandika lugha ya mama zao. Mwenye barua alikaa, akasomewa kwa Kiswahili, akasema lake, nasi tukaliandika kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzima. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mwanamke peke yangu pale, barua za wanawake wasiotoka nyumbani zilikuwa zangu. Nilizipeleka mpaka ndani, nikawasomea huko huko.

Mwenye ofisi alikuwa Mwalimu Karisa, Mkristo wa Rabai, aliyekuwa mkalimani mahakamani kabla ya kuwa na ofisi yake. Tulimwita Mwalimu ingawa hakupata kufundisha darasa. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi, chai ya tangawizi isiyo na sukari, na maneno machache. Kiingereza alikijua mpaka mifupani, na kwa sababu hiyo hakukiamini haraka. Kila kitu kizuri nilicho nacho katika kazi hii nimekipata kwake, na nikisema nashukuru naona neno lenyewe halitoshi.

Nianze na kichekesho. Palikuwa na mzee mmoja wa Mji wa Kale, mshona kofia, tumwite Mzee Athumani. Bibi mmoja wa Uingereza aliyekuwa akichunguza habari za kofia alimwandikia. Nikamsomea: bila shaka utafurahi mno kusikia kwamba nitakuja kukaa nawe wiki mbili mwezi wa saba. Mzee Athumani akavua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena.

"Amejuaje kama nitafurahi?" akaniuliza. "Bibi huyu yuwapiga ramli?"

Nikacheka nikashindwa kuendelea. Ukweli ni kwamba hakufurahi hata kidogo, maana mwezi wa saba alikuwa anamwoza binti yake na nyumba itajaa wageni mpaka ngazini. Mwalimu Karisa hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba swali la mzee yule lilikuwa bora kuliko tafsiri yangu, nami sikulielewa neno lake mpaka nilipoumia.

Ngojeni niwaeleze jambo lenyewe, maana ndilo linalowapita hata nyinyi mliosoma kunishinda. Mwandishi wa Kiingereza aliyelelewa vizuri ana tabia ya kuandika yaliyo moyoni mwako kana kwamba alikwisha ingia akayakagua. Atakuandikia kwamba wewe bila shaka unajua, kwamba ana imani utakubali, kwamba hakika umeona mwenyewe. Sisi tukiandika "natumai u mzima" tunakuachia nafasi ya kuwa mgonjwa. Tukisema tutaonana kesho tunaongeza Mungu akipenda. Mwingereza hakuachii nafasi hiyo kwenye karatasi. Anaweka dhana yake mezani ikiwa imekwisha pikwa, anakungoja wewe useme kama ina chumvi.

Na hapo ndipo penye maajabu, kwamba akiandika "no doubt" mara nyingi shaka anayo. Mtu asiye na shaka husema jambo lake akanyamaza. Jua likiwa linawaka hakuna anayeandika kwamba bila shaka linawaka. Anapoongeza lile neno, ujue anakisia. Akiandika "surely", anakuomba umuunge mkono na anaogopa hutamuunga. Akiandika "of course", anakushika mkono akupitishe haraka mahali ambapo ungependa kusimama utazame. Na akiandika "I trust", yaani nina imani, huku chini, mbali na salamu, anakuamuru kwa upole. Mwalimu Karisa aliyajua haya yote kama mpishi ajuavyo moto. Alikuwa akisoma barua ya wakili huku anatabasamu peke yake, na ukimuuliza anacheka nini hakwambii.

Mimi sikuyajua. Mimi nilidhani ni salamu. Musinicheke, fikirini nilikotoka. Baba yangu akiandika barua, nusu ukurasa wa kwanza ulikuwa ni salamu, na salamu za jamaa wote, na baada ya salamu, ndipo habari. Nilipoanza kusoma barua za Kiingereza nikaona salamu zao ni mstari mmoja tu, nikawahurumia. Kisha nikaona zile bila shaka na zile tunaamini zimetapakaa barua nzima, nikasema kumbe hawa salamu zao hawazikusanyi juu, huzinyunyiza. Kwa hiyo nilipofasiri nilizipepeta kama mtu anavyopepeta mchele, nikabakisha punje. Wateja walinipenda kwa sababu nilikuwa na usomaji mfupi. Kuna baba mmoja wa Tononoka aliyekuwa akisema wazi kwamba yeye hataki kusomewa na mwingine, kwa sababu mimi sikumchosha. Nami nikavimba kichwa.

Hapo ndipo ilipokuja barua ya Bi. Rukia.

Bi. Rukia alikuwa mjane wa Kibokoni. Aliishi na mumewe miaka ishirini katika nyumba moja, hakujaaliwa mtoto. Marehemu alikuwa na watoto kwa mke wa kwanza, watu wazima waishio ng'ambo, na mambo yao yalishikwa na wakili mmoja wa mjini, Mwingereza mzee aliyekaa nchini tangu zamani. Mumewe alipofariki Bi. Rukia alikaa eda humo humo nyumbani, kama ipasavyo: miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajitii manukato, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake, wale jamaa wasioweza kumwoa. Barua ya wakili ilimkuta amekwisha kaa mwezi mmoja.

Barua ile naijua kwa ghibu. Ilianza kwa kusema wana imani kwamba anaustahimili msiba. Ikaendelea kwamba bila shaka anajua marehemu alikuwa amekusudia kuiuza nyumba. Kwa hivyo wanachukulia kwamba hana pingamizi wapimaji waingie, na kwamba mwisho wa mwezi ujao atakuwa amehamia kwa dada yake. Wasiposikia kutoka kwake kwa siku ishirini na moja, wataendelea kwa msingi huo.

Sasa sikilizeni nilivyomsomea. Nilimwambia wakili anakupa pole. Watoto wa marehemu wana nia ya kuuza nyumba, na kuna mazungumzo ya wewe kuhamia kwa dada yako, na wangependa kusikia kutoka kwako katika siku ishirini na moja. Ile bila shaka niliipepeta. Ile wanachukulia niliipepeta. Ile ya mwisho, ya wasiposikia, niliigeuza ombi, nikaona nimeitia adabu.

Bi. Rukia alinisikiliza kwa utulivu, akasema watu wote wajua kwamba yeye yu katika eda, na akitoka salama watazungumza. Nikaona hilo ni jibu la heshima kabisa. Hapa kwetu nani asiyejua kwamba mwenye eda hajibizani na mtu juu ya mambo ya kuuza na kununua? Kunyamaza kwake ni kumheshimu marehemu. Sikuandika jibu lolote. Nikarudi ofisini, nikaweka nakala kwenye faili, nikaenda zangu kula.

Siku ya ishirini na tano dada yake Bi. Rukia alipanda ngazi zetu akihema. Asubuhi ile wanaume wawili walibisha hodi, wakaingia na tepu ya kupimia na karatasi, wakasema mwenye nyumba amekwisha kubali. Wanawake waliokuwamo hawakupata hata wakati wa kujifunika sawasawa. Bi. Rukia walimsukuma stoo ya jikoni, akakaa humo kati ya magunia ya mkaa, huku watu asiowajua wanapima chumba alicholala na mumewe. Na wale wapimaji, walipokuwa wanatoka, waliuliza kwa upole kabisa kama ataweza kuhama mapema kidogo.

Eda ilikuwa haijafika hata nusu. Kama hamkulelewa katika desturi hii, nawaambia waziwazi: mjane kutolewa katika nyumba ya mumewe eda haijesha ni jambo ambalo Bi. Rukia angelibeba mpaka kaburini. Si nyumba tu aliyokuwa anaipoteza. Ni haki ya mwisho aliyobaki nayo ya kumfanyia mumewe.

Mwalimu Karisa alimpa yule dada maji, akamwomba angoje nje. Kisha akaitaka nakala. Akachukua rula, akapiga mstari chini ya sentensi tatu, polepole, akanigeuzia karatasi.

"Hizi umemsomea?"

Nikamwambia, Mwalimu, hizo ni salamu zao.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Salamu ni ule mstari wa kwanza," akasema. "Hizi ni mambo matatu ambayo huyu mtu hayajui, na angependa yawe kweli. Alimpelekea Bi. Rukia ayakatae. Wewe umeyapokea kwa niaba yake, ukamnyamazia."

Nililia, siwafichi. Nililia kwa aibu na kwa hofu, maana kwa mji kama huu habari ya mfasiri aliyemponza mjane ingezunguka kabla ya adhuhuri na ofisi nzima ingefungwa pamoja nami. Mwalimu aliniacha nilie. Kisha akaniambia nijifute uso, niende nikamsomee Bi. Rukia barua yote, neno kwa neno, halafu nimwambie kwamba mara ya kwanza sikumsomea. Yeye hawezi kuingia kwa mwenye eda, na hata kama angeweza, asingekwenda badala yangu.

Nilikwenda baada ya alasiri. Kutoka Makadara mpaka Kibokoni ni mwendo mfupi, lakini siku ile niliamkiana na watu nisiwaone. Bi. Rukia alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, nguo nyeupe tupu, mikono haina hina. Nilimwamkia akanipokea vizuri kama siku zote, na hilo likazidi kuniumiza. Nikamwambia nilichofanya. Kisha nikasoma yote, sikuacha hata anwani. Alinikatiza mara moja tu, nilipofika pa marehemu.

"Miaka ishirini nimelala ubavuni mwake," akasema. "Hakunambia neno la kuuza. Huyu wakili kaambiwa na nani?"

Nikasema sijui, mama. Akauliza, na kule kunyamaza kwangu, wenyewe walikuelewaje? Nikasema, walikuchukulia kwamba umekubali. Akazivuta punje za tasbihi moja moja.

"Basi mwanangu, ile siku hukunisomea barua," akasema. "Ulinipa habari zake tu."

Niliomba radhi. Alinisamehe pale pale, bila kunizungusha, na katika maisha yangu nimesamehewa mara chache kwa wepesi namna ile. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama hawa wenyewe, wakiandikiwa kwa namna hii yao, huona vibaya. Nikamwambia hapana, ndivyo waandikianavyo. Akasema, basi shika kalamu.

"Mwandikie, bila shaka yuwajua kwamba mke aliyefiwa hatoki nyumbani mwa mumewe hata eda iishe. Twaamini hakukusudia kumvunjia mjane eda yake. Kwa hivyo twachukulia kwamba wale wapimaji waliingia kwa makosa, na hawatarudi, na kwamba habari ya nyumba itazungumzwa mbele ya Kadhi nikishatoka. Tusiposikia kutoka kwake kwa siku ishirini na moja, tutajua tumekubaliana."

Niliandika huku machozi yananitoka na kicheko kinanishika. Mama huyu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na kwa kusomewa mara moja alikwisha kishika mahali ambapo mimi sikukishika kwa miaka yangu minne ya mwanzo ofisini. Mwalimu Karisa alipoisoma tafsiri yangu hakubadilisha kitu. Aliipiga chapa mwenyewe, akavaa koti lake la mahakamani, akaipeleka kwa mkono na kurudi na nakala iliyogongwa muhuri. Sijapata kumwona amefurahi namna ile siku ya kazi.

Tangu hapo nilibadilisha namna yangu ya kusoma, na hii ndiyo nawaachieni muitumie, muwe na simu au msiwe nayo. Kabla ya kufasiri, pitieni barua na rula. Kila mahali mwandishi anaposema unajua, unakubali, utafurahi, hakika umeona, pigeni mstari, na pembeni muandike: nani kasema? Halafu mkimsomea mwenye barua, ile dhana msimpe kama habari. Mpeni kama swali. Mwambieni, mtu huyu anadhani wewe umekubali, je, umekubali? Ndipo mnyamaze mumwache ajibu. Wengine watajibu ndiyo, na barua itaendelea. Wengine mtaona uso umebadilika. Baba yule wa Tononoka aliyependa usomaji mfupi alipata barua ya shule ya mwanawe isemayo kwamba, kama ajuavyo, mtoto amekuwa akikosa masomo. Nilipomuuliza kama ajua, aliinuka hapo hapo, akaenda moja kwa moja shuleni. Kabla ya hapo ningempepetea ile kama ajuavyo, na angekwenda nyumbani bila kujua kwamba shule ilidhani imekwisha mwarifu zamani.

Wala musimchukie mwandishi. Mwalimu Karisa alinikataza hilo siku ile ile, nilipoanza kumlaani yule wakili. Alisema mzee yule si mwizi. Kwao mtu akiandikiwa dhana asiyoipenda huiandikia jibu siku ya pili, na hakuna anayekasirika. Alingoja pingamizi siku ishirini na moja kwa uaminifu wake, akiangalia mlango, na pingamizi halikuja. Yeye alikiona kimya kuwa jibu. Sisi tulikiona kimya kuwa heshima. Kati yake na sisi, akaniambia, palikuwa na mtu mmoja aliyelipwa ili azijue pande zote mbili, na mtu huyo alikuwa mimi. Nimeikumbuka sentensi hiyo kila asubuhi nilipofungua ofisi, na nashukuru niliambiwa na mtu aliyekuwa akinipenda.

Tulizihesabu siku. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wapimaji hawakuonekana. Barua haikuja. Siku ya ishirini na mbili nilikwenda Kibokoni, nikamwambia Bi. Rukia kwamba wakili hakujibu chochote. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Basi wamekubali," akasema.

Nyumba ile ilikuja kuuzwa mwaka wa pili, mbele ya Kadhi, naye akapata fungu lake kwa sheria na kwa ridhaa yake mwenyewe. Lakini eda aliimaliza chini ya dari ya mumewe, mpaka siku ya mwisho. Siku chache baada ya kutoka, nilisikia ngazi zetu zinapandwa polepole. Akaingia Bi. Rukia na buibui lake, ananukia udi, na barua ya Kiingereza mkononi ambayo haijafunguliwa. Benchi lilikuwa limejaa watu. Mwalimu Karisa alisimama, akamwamkia, akanyoosha mkono aipokee. Bi. Rukia akamwitikia kwa adabu, akampita, akaja kuiweka ile barua mezani kwangu.